Nusu Lita

Ramani nimeitandaza juu ya cherehani ya Mbeyu,
pembe zake nimezikandamiza kwa mkasi, kwa pasi ya makaa,
kwa kikombe cha chai kilichokwisha kuacha duara
pale panapoandikwa Garissa.

Mbeyu kaninyima rula. Kanipa uzi mweusi.
"Rula haijui kona," kasema.
Nikaulaza uzi, kona kwa kona:
Malindi, Garsen, Hola, Garissa,
kisha magharibi hadi Isiolo, kisha juu, juu tena,
Laisamis, Marsabit, Maikona.
Tulipounyoosha ulimzunguka kiuno mara moja,
ukabaki shubiri.
Akacheka. "Hapa tu ndipo uendapo siku ishirini?"

Miaka kumi na tisa nimebeba watu kwa baiskeli hii.
Maweni hadi sokoni. Sokoni hadi Barani.
Mama na mkungu wake wa ndizi, mwalimu na mwavuli,
bi harusi mmoja, mvua inanyesha, viatu kavishika mkononi.
Kila mmoja alipanda akisema ni wapi.
Pikipiki zilipokuja zikawazoa wote,
kikabaki kiti cha nyuma chenye mashada mekundu,
na mimi, na swali nisilowahi kuulizwa:
na wewe je, nikupeleke wapi?

Usiku mmoja nilipiga hesabu ukutani kwa mkaa.
Safari nane kwa siku, kilomita tatu tatu.
Dunia nimeizunguka mara tatu na ushei
wala Sabaki sijaivuka kwa pedali.

Anayeijua njia ni Gufu,
bawabu wa usiku wa hoteli iliyofungwa. Kwao ni Maikona.
Alfajiri akitoka zamu hupita kuisahihisha orodha yangu.
Niliandika hema; kafuta.
"Upepo wa Marsabit utakuvua hilo kama kanzu."
Niliandika tyubu nne; kaandika nane.
"Miiba ya kule haina haya."
Niliandika maji, lita sita.
Kanitazama kama mtu amwonaye mtoto na wembe,
kaandika kumi na mbili.
Chalbi, asema, ikikauka ni sakafu,
ikinyeshewa ni uji.
"Ukiona wingu, kaa. Hata wiki. Kaa.
Na ukikuta ngamia kisimani, usijipenyeze.
Ngamia ana zamu yake."

Nimeazima mizani ya Lali muuza samaki.
Spoki kumi, gundi, viraka, pampu, sufuria ndogo,
tende, unga, spana mbili.
Mpini wa mswaki nimeukata.
Kengele nimeing'oa, nitamlilia nani jangwani?
Mashada mekundu nayo nimeyafungua,
yakapimwa: hayakuutikisa mshale.
Nikayarudisha.

Leo Gufu kaja na chupa ya soda. Tupu.
"Nijazie maji ya bahari, umpelekee mama.
Nilimwambia kuna maji yasiyo na ng'ambo, na hayanyweki.
Mwaka wa saba huu ananiita mwongo.
Chumvi yeye anaijua, anaikanyaga.
Ataka kuonja kama ni ile ile."

Sikujibu.
Nusu kilo, mlima wote wa Marsabit,
maji nisiyoweza kuyagusa
hata ulimi ukinigandamana na kaakaa.

Adhuhuri nimeshuka gatini, nimekunja suruali.
Chupa ilikoroma, ikajaa.
Mizani ya Lali ikasema gramu mia tano na arobaini.
Nikaitoa sufuria, na unga wake.
Tende hazidai moto.

Kwenye orodha, chini ya lita kumi na mbili,
nimeandika kwa mwandiko wangu wa shule:
Maji, nusu lita. Ya mamake Gufu. Usinywe.

Mbeyu kasoma, hakusema neno.
Kauchukua ule uzi, Malindi hadi Maikona,
kauzungusha shingoni mwa chupa, kafunga fundo,
uliozidi kaukata kwa meno.